Risasi Ambazo Hazikupigwa Leipzig

Jumatatu tarehe 9 Oktoba 1989, mji wa Leipzig katika Ujerumani Mashariki uliamka na hofu. Wazazi walitakiwa kuwachukua watoto wao shule za chekechea kabla ya saa tisa alasiri. Minong'ono ilienea kwamba hospitali zimeongeza akiba ya damu. Siku tatu kabla, gazeti la chama lilikuwa limechapisha barua ya kamanda wa wanamgambo wa viwandani, akitangaza kwamba vijana wake wako tayari kuulinda ujamaa, ikibidi kwa silaha mkononi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu jeshi la China lilipowaua waandamanaji mjini Beijing, na Bunge la Ujerumani Mashariki lilikuwa limepitisha azimio la kuunga mkono hatua ile. Egon Krenz, mtu wa pili kwa nguvu nchini, alikuwa ametoka China siku chache tu kabla.

Katikati ya mji lilikuwepo, na lipo hadi leo, Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Tangu mwaka 1982 watu walikuwa wakikutana humo kila Jumatatu jioni kuombea amani. Kwa miaka kadhaa walikuwa wachache. Mchungaji Christian Führer aliuacha mlango wazi kwa yeyote, aliyeamini na asiyeamini, na kidogo kidogo kanisa likawa mahali pekee mjini ambapo mtu angeweza kusema kwa sauti jambo aliloliwaza nyumbani kwake. Jumatatu ile chama tawala kiliwaagiza mamia ya wanachama wake waende wakaketi humo mapema, ili wapinzani wakose nafasi. Walikwenda, wakaketi, na kwa kuwa walikuwa wameketi ilibidi wasikilize. Nawafikiria sana watu wale. Huenda wengi wao walikuwa wakisikia kwa mara ya kwanza, kwa masikio yao wenyewe, maneno ya watu ambao magazeti yao yaliwaita wahuni na maadui wa nchi.

Ibada ilipokwisha walitoka nje wakakuta uwanja umefurika. Watu wapatao 70,000 walianza kutembea kwenye barabara inayouzunguka mji wa kale, wakapita mbele ya stesheni kuu ya reli, wakapita mbele ya jengo la Stasi, idara ya usalama wa taifa iliyoogopwa kuliko zote. Wengi walishika mishumaa. Mchungaji Führer aliwahi kueleza maana ya mshumaa ule: unahitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga mwali usizimwe na upepo, kwa hiyo hakuna mkono unaobaki wa kuokota jiwe. Walipaza sauti wakisema, "Bila vurugu!" Kisha wakasema, "Sisi ndio wananchi!" Waliowekwa kuwakabili, polisi, wanajeshi na wanamgambo, walikuwa karibu 8,000.

Mchana wa siku hiyo watu sita walikuwa wamekutana kutafuta la kufanya. Kurt Masur aliongoza okestra maarufu ya Gewandhaus. Peter Zimmermann alikuwa mwanateolojia, na Bernd-Lutz Lange mchekeshaji wa jukwaani. Watatu waliobaki walikuwa makatibu wa chama tawala mkoani humo: Kurt Meyer, Jochen Pommert na Roland Wötzel. Waliandika tangazo fupi la kuwaomba watu wote watulie na kuahidi mazungumzo ya kweli kuhusu mustakabali wa nchi. Masur alilisoma, likasikika kwenye vipaza sauti vilivyotundikwa mitaani. Makatibu wale watatu hawakuwa na idhini ya Berlin. Katika mfumo ambao mtu aliulizia juu hata mambo madogo kabisa, hatua hiyo pekee ingetosha kuwaharibia maisha.

Amri yenyewe ilikuwa mikononi mwa Helmut Hackenberg, aliyekuwa akikaimu uongozi wa chama mkoani. Alimpigia simu Krenz mjini Berlin aulize la kufanya. Akaambiwa asubiri, atapigiwa. Umati ulikuwa unasogea, simu haikulia. Kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni Hackenberg aliamua mwenyewe: vikosi virudi nyuma, vijilinde tu iwapo vitashambuliwa. Krenz alipopiga simu baadaye, watu walikuwa wamekwisha kuuzunguka mji na walikuwa njiani kurudi makwao. Vijana wawili walikuwa wamejificha juu ya mnara wa kanisa jingine wakipiga picha za video kwa siri. Kanda ile ilivushwa hadi Berlin Magharibi, na kesho yake jioni ilionyeshwa kwenye televisheni ya Magharibi, ambayo raia wengi wa Mashariki walikuwa wakiitazama usiku. Nchi nzima ikajua kwamba watu wameandamana na hakuna aliyepigwa risasi. Jumatatu iliyofuata walitoka zaidi ya 100,000. Tarehe 18 Oktoba Erich Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, aliondolewa madarakani, na tarehe 9 Novemba Ukuta wa Berlin ukafunguka.

Ulimwengu unaukumbuka Ukuta. Picha za vijana wamekaa juu yake wakicheza zimezunguka dunia nzima, na ni picha njema. Lakini mimi naamini kwamba utawala wa kikomunisti Ulaya ya Mashariki ulivunjika jioni ile ya Leipzig, kwa jambo ambalo halikutokea. Na jambo lisilotokea haliandikiwi mnara. Waliouawa tunawahesabu, na ni haki yao kuhesabiwa. Watu waliorudi nyumbani kula chakula cha jioni kwa sababu mtu fulani hakutoa amri hawana orodha yao popote. Hivyo tunajikuta tunawajua vizuri waliomwaga damu kuliko waliojizuia, na vijana wetu wanakua wakidhani kwamba mabadiliko makubwa ni lazima yapite kwenye makaburi.

Katika nchi hiyohiyo, mwaka huohuo, mkono haukuzuiliwa kila mara. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1989, kijana wa miaka 20 aliyeitwa Chris Gueffroy alijaribu kutorokea Berlin Magharibi pamoja na rafiki yake. Walikuwa wamesikia kwamba amri ya kuwapiga risasi watoro imefutwa. Walinzi waliwafyatulia risasi ukingoni mwa mfereji, Gueffroy akafa kwa risasi ya moyo, mwenzake akajeruhiwa na kufungwa jela. Walinzi wanne walipewa nishani na bahashishi ya mark 150 kila mmoja. Alikuwa mtu wa mwisho kuuawa kwa risasi kwenye Ukuta ule, ambao uliua watu wasiopungua 140 tangu ulipojengwa mwaka 1961. Februari ilikuwa hivyo. Kufikia Oktoba, dola ilikuwa ileile, sheria zilezile, na bunduki hazikuwa zimepungua hata moja.

Wapo wanaosema kwamba hapakuwa na uchaguzi wowote wa kimaadili hapo, kwamba ukomunisti ulikufa kwa sababu ulikuwa umefilisika. Hoja yao ina uzito. Uchumi wa Umoja wa Kisovieti ulikuwa umechoka, bei ya mafuta ilianguka mwaka 1986, na mwaka huohuo kinu cha Chernobyl kililipuka. Vita vya Afghanistan vilikula vijana na fedha kwa zaidi ya miaka tisa, hadi askari wa mwisho alipoondoka Februari 1989. Ujerumani Mashariki nayo ilizama kwenye madeni. Ila kufilisika kunaeleza kwa nini dola ilianguka. Hakuelezi kwa nini ilianguka bila kuua. Dola nyingi zimefilisika zikaendelea kuua kwa miaka, maana risasi ni kitu rahisi kuliko mkate. Mjini Timişoara na Bucharest nchini Romania, Desemba ya mwaka uleule, utawala wa Nicolae Ceaușescu haukuwa na hali bora kuliko wa Berlin, na mapinduzi yale yaliondoka na watu zaidi ya 1,000.

Kwa hiyo namgeukia Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1953 vifaru vya Kisovieti vilizima maandamano ya wafanyakazi mjini Berlin, mwaka 1956 vikaingia Budapest, na mwaka 1968 vikaingia Prague. Kila aliyekaa madarakani katika nchi zile alijua kwamba maji yakizidi unga, Moscow italeta vifaru. Tarehe 7 Desemba 1988 Gorbachev alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akasema kwamba kila taifa lina uhuru wa kujichagulia njia yake, na akatangaza kupunguza askari 500,000 bila kudai chochote kwa malipo. Wengi hawakumwamini. Mwaka uliofuata Poland ilifanya uchaguzi, chama cha wafanyakazi cha Mshikamano kikazoa viti 99 kati ya 100 vya Seneti, na Agosti Tadeusz Mazowiecki akawa waziri mkuu asiyekuwa mkomunisti. Moscow ikakaa kimya. Hungary ikawafungulia Wajerumani Mashariki mpaka wake na Austria, Moscow ikakaa kimya tena. Jioni ile ya Leipzig, askari wa Kisovieti zaidi ya 300,000 waliokuwa ndani ya Ujerumani Mashariki walibaki kambini.

Sisemi kwamba mikono yake ilikuwa safi. Tbilisi, Aprili 1989, askari waliwavamia waandamanaji kwa sepetu na gesi. Baku, Januari 1990, waliuawa zaidi ya 100. Vilnius, Januari 1991, watu 14 walikufa wakiulinda mnara wa televisheni. Gorbachev alikuwa madarakani siku zote hizo, na familia za miji hiyo zina haki ya kukataa kumsifu. Hata hivyo mtu aliyerithi dola ya vifaru, akawa na uwezo wa kuvitumia kuiokoa, kisha tarehe 25 Desemba 1991 akajiuzulu kupitia televisheni, ametenda jambo ambalo katika historia ya wafalme na madikteta halina mifano mingi. Wahenga walituachia usemi kwamba mwenye nguvu mpishe. Safari hii mwenye nguvu ndiye aliyepisha.

Wala waliojizuia hawakuwa watakatifu. Hackenberg alikuwa mtumishi wa mfumo katili, na inawezekana alirudisha vikosi kwa sababu alihesabu watu 70,000 akaona hawawezekani. Mmoja wa wale sita waliotia saini tangazo alikuja kubainika kuwa alikuwa mtoa habari wa Stasi. Luteni kanali Harald Jäger, aliyefungua kizuizi cha Bornholmer Strasse kwenye Ukuta wa Berlin usiku wa tarehe 9 Novemba, alikuwa ofisa mtiifu aliyewapigia wakubwa wake simu mara kwa mara bila kupata jibu la maana. Umati ulipomzidi, kwenye saa tano na nusu usiku, akaamua mwenyewe. Hofu, uchovu, kuchanganyikiwa, pengine na dhamiri kidogo. Mimi hilo halinipunguzii heshima kwao. Kama tutangoja makamanda wema kabisa ndipo tutarajie wasiue raia, tutangoja sana. Ninachokiona ni kwamba mtu wa kawaida, aliyelelewa ndani ya uovu, bado alibakiwa na nafasi ya kusema hapana. Na waandamanaji walimrahisishia kwa kutokumpa kisingizio. Lau jiwe moja lingevunja kioo cha Stasi jioni ile, barua ya yule kamanda wa wanamgambo ingepata kazi.

Hata upande wa pili palikuwa na kujizuia, ingawa kwa namna nyingine. Ukuta ulipofunguka, wengi Washington walimtaka Rais George Bush aende Berlin akashangilie ushindi. Alikataa, na alilaumiwa kwa ubaridi wake. Alijua kwamba kumdhalilisha Gorbachev mbele ya majenerali wake ni kuwapa majenerali sababu. Mwanzoni mwa Desemba 1989 viongozi hao wawili walikutana Malta, bahari ikiwa imechafuka, na mashindano yaliyoitishia dunia moto wa nyuklia kwa zaidi ya miaka 40 yakaanza kufungwa kwa mazungumzo.

Sisi tulikuwa ndani ya mashindano yale, hata kama vitabu vingi hutuweka pembeni. Ujerumani zote mbili zilituongelesha kwa Kiswahili: Deutsche Welle kutoka Magharibi, na Radio Berlin International kutoka Mashariki, iliyofungwa Oktoba 1990 pamoja na nchi yake. Mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipokata msaada wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa na uwakilishi nchini Tanzania, Mwalimu Nyerere aliiambia iondoe na misaada yake mingine. Unguja ilipata nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na familia zinakaa humo hadi sasa. Pia ilipata mafunzo mengine. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, alifika Zanzibar mwaka 1964 kusaidia kuunda idara ya usalama, na Wazanzibari wa umri fulani hawahitaji kuelezwa na mtu maana yake ilikuwa nini.

Kwingine vita hivyo vilivyoitwa baridi vilikuwa vya moto. Angola iliungua, Marekani na Afrika Kusini upande mmoja, Kuba na Moscow upande wa pili, hadi mapatano ya New York ya Desemba 1988 yalipofungua njia ya uhuru wa Namibia. Zaire ya Mobutu ilibebwa na nchi za Magharibi kwa miongo kadhaa kwa sifa moja, kwamba haikuwa ya kikomunisti. Na hapa ndipo simulizi ya 1989 inaponiuma. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu, akiuona upepo, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, siku 18 tu baadaye, makomandoo waliingia katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha yake ya kila siku, wakawaua wanafunzi. Serikali ilitaja idadi ndogo mno. Walionusurika walitaja makumi. Idadi hiyo haijakubaliwa na pande zote hadi leo. Hapakuwa na mtu wa kupiga picha kutoka mnarani, na aliyekuwa na amri hakuirudisha nyuma.

Tanzania ilipita njia ya upole zaidi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na chama tawala kikakubali. Kuanzia Julai 1992 sheria ikabadilika bila mtu kuumia. Naliheshimu sana tendo lile. Ila Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Zanzibar, hasa Pemba. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na takriban 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imezaa wakimbizi. Kwa hiyo tusiisome Leipzig kama hadithi ya Wazungu. Barabara, umati, askari wenye silaha na mkubwa anayengoja simu, vyote tunavyo.

Ujerumani iliyoungana iliwafikisha mahakamani walinzi wa Ukuta. Mwaka 1992 aliyempiga Gueffroy risasi ya kifo alihukumiwa miaka mitatu na nusu, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa ikawa kifungo cha nje. Mahakama haikukubali kwamba amri ya wakubwa inamfuta mtu hatia yote. Mwaka 1997 zamu ikafika kwa wakubwa wenyewe: Krenz, yuleyule aliyechelewa kupiga simu, alihukumiwa miaka sita na nusu kwa vifo vya Ukuta. Wapo walioziona hukumu hizo kuwa ndogo. Mimi naziona ndogo pia, lakini zilitamka jambo ambalo askari wengi hawajawahi kuambiwa na mahakama yoyote.

Ningependa maofisa wanaofunzwa katika vyuo vyetu vya polisi na vya kijeshi wasomeshwe jioni ya Leipzig saa kwa saa: nani alikuwa wapi, nani alimpigia nani simu, nani aliamua na kwa sauti gani. Wasomeshwe na usiku wa Lubumbashi, na asubuhi ya Pemba, kwa uwazi uleule. Na wenye nyaraka za Mei 1990 mjini Kinshasa na Brussels wazifungue, wazazi wa wanafunzi wale wapewe orodha ya majina ya watoto wao wangali hai kuisoma.